Si Bahati Mbaya: Somo juu ya Ulevi na Majeraha



Neno la mwezi huu si geni kwenu. Juu ya ulevi mmekwisha kuhubiriwa mara nyingi, na wengine wakiliona jina lake tu hugeuza ukurasa upesi. Lakini leo sitasema juu ya fedha za mlevi zipoteazo, wala juu ya ini lake, wala juu ya aibu yake mbele ya watu. Nataka kusema juu ya jambo moja: mifupa ivunjikayo, vichwa vipasukavyo na ngozi ziunguazo, na jinsi pombe inavyoyatengeneza hayo kabla hayajatokea. Nami nitaanza na habari inayonihukumu mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita palikuwa na arusi katika mtaa wetu, huku migombani chini ya Kilimanjaro. Mbege ilikuwa nyingi, na baada ya mbege zikaja chupa za dukani. Mtu mmoja, mwashi hodari, ambaye mikono yake ilijenga ukuta wa kanisa letu, alikunywa tangu mchana. Jua lilipokuchwa akaenda zake peke yake. Penye mfereji aliteleza, akaangukia mawe. Vijana wawili wakamwokota, wakamleta barazani nilipokuwa nimeketi. Juu ya sikio lake palikuwa na uvimbe kama yai la kuku. Alisema maneno machache yasiyoeleweka, akatapika, akalala.

Mkewe akaniuliza, “Baba Mchungaji, tumpeleke hospitali?”

Nikamjibu, “Mama, mwache alale. Pombe itamtoka, asubuhi atakuwa mzima.”

Akalazwa ndani. Alikoroma sana, nasi tukasema, “Amelala vema.” Kabla ya mapambazuko kukoroma kukakoma. Baadaye daktari alitueleza ya kuwa damu ilivuja ndani ya fuvu, ikaugandamiza ubongo kidogo kidogo usiku kucha. Siku ya maziko nilisikia watu wengi wakisema, “Ni bahati mbaya.” Mimi nilisoma ibada kama ipasavyo, lakini moyoni nilijua ya kuwa haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa na njia yake, nasi tuliiona njia hiyo tangu mchana, wala hatukuifunga.

Basi, tujifunze njia hiyo.

1. Pombe ifanyavyo kazi mwilini

Mtu anywapo, pombe haingoji kusagwa kama ugali. Sehemu yake hupita katika tumbo, na sehemu kubwa katika utumbo mwembamba, ikaingia damuni. Mwenye njaa hulewa upesi kuliko aliyeshiba, kwa sababu chakula huichelewesha pombe isifike utumboni kwa haraka. Nayo damu huipeleka mahali pote, hata katika ubongo.

Katika ubongo, kinachoguswa mapema ni ile akili ya kupima mambo, isemayo, “Simama kwanza, mto huu umejaa, gari lile linakuja kwa kasi.” Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Mtu huyu hapepesuki bado, na maneno yake ni mazuri, hata wenziwe husema, “Huyu hajalewa.” Walakini mlinzi wake wa ndani amekwisha kusinzia. Akizidi kunywa, macho hukawia kuona na mkono hukawia kutii. Kisha hushikwa ile sehemu ya nyuma ya ubongo ishikayo mizani ya mwili, naye huyumba. Akizidi tena, usingizi humshika hata asiamshwe. Na mwisho hata pumzi yaweza kukoma.

Angalieni utaratibu huu: ushujaa huja kwanza, udhaifu wa miguu huja baadaye. Kwa hiyo mlevi hufika mahali pa hatari kwa ujasiri wa mtu mwenye nguvu, lakini kwa mwili wa mtu mgonjwa.

Tena, pombe haitoki upesi. Ini ndilo hasa liiondoalo, nalo lina mwendo wake, halikubali kuharakishwa. Kwa mtu mzima wa kawaida huondoa kadiri ya gramu 7 hata 10 kila saa. Haya, tufanye hesabu kama darasani. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye pombe sehemu 5 katika 100, ina pombe karibu gramu 20. Mtu akinywa chupa 5, amekunywa gramu 100. Ini lake lahitaji saa 10 hata 14 kuziondoa. Basi akianza kunywa saa mbili ya usiku, na saa kumi na mbili ya asubuhi akapanda pikipiki yake kwenda kubeba abiria, saa 10 tu zimepita. Amelala, ameoga, amekunywa chai. Lakini huenda pombe ingalimo damuni. Kahawa kali haiitoi, wala maji baridi, wala kutapika baada ya pombe kwisha kuingia damuni. Muda tu ndio uitoao.

Na mwanamke anywapo kiasi kile kile, kwa kawaida pombe huwa nyingi zaidi katika damu yake, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na maji ya mwili wake ni machache. Asijipime kwa kikombe cha mumewe.

2. Yaliyopimwa na wataalamu

Labda mtu atasema, “Wengi hunywa wasiumie, na wengi huumia wasiokunywa.” Ni kweli. Ndiyo maana haitoshi kuwahesabu walevi walioumia, yatupasa kulinganisha.

Katika mji wa Evanston, nchi ya Marekani, walipimwa madereva 270 waliolazwa hospitali kwa majeraha ya ajali. Wakapimwa pia madereva 1,750 wa barabara zile zile ambao hawakuumia. Matokeo yalichapishwa 1938: miongoni mwa walioumia, karibu nusu walikuwa wamekunywa, miongoni mwa wasioumia, kama 12 tu katika kila 100. Nchi ya Norway, tangu 1936, ilikuwa imekwisha kuweka sheria ya kumpima dereva kwa kiasi cha pombe kilichomo damuni mwake, wala si kwa kuangalia kama anayumba. Uingereza ikaanza kufanya vivyo hivyo 1967.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, watafiti waliwauliza wagonjwa wazima zaidi ya 500 walioletwa kwa majeraha, na habari zao zikachapishwa 2018. Njia yao ilikuwa ya busara. Hawakumlinganisha mgonjwa na mtu mwingine, maana mtu aweza kusema, “Yule si kama mimi, yeye ni mzembe kwa tabia.” Walimlinganisha kila mmoja na nafsi yake: je, alikunywa pombe katika saa 6 kabla ya kuumia? Na wakati mwingine kama ule, ambapo hakuumia, je, alikunywa? Wakaona ya kuwa hatari ya kuumia baada ya kunywa ilizidi zaidi ya mara 5. Mtu ni yule yule, na njia zake ni zile zile. Lililozidi ni pombe.

Na kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya 2024 ya kuwa mwaka 2019 watu kadiri ya milioni 2.6 walikufa kwa sababu ya pombe. Katika hao, 724,000 hawakufa kwa ugonjwa, bali kwa majeraha: ajali za barabarani, kupigana, kujidhuru na mengineyo. Majeraha hayangoji uzee kama magonjwa ya ini yangojavyo mara nyingi. Yaweza kumchukua kijana katika jioni yake moja ya kunywa.

Wala jambo hili si jipya. Katika Mithali, sura ya 23, mwenye hekima aliyataja majeraha miongoni mwa mambo yampatayo mlevi, akaeleza pia jinsi asivyoyasikia mapigo. Aliyaona kwa macho yake, pasipo chombo cha kupimia damu.

3. Mahali majeraha yanapotokea

Watu wakisikia “ajali ya ulevi” hufikiri gari na pikipiki tu. Ni kweli, barabara huua wengi. Lakini si dereva peke yake. Mtembea kwa miguu aliyelewa huvuka bila kupima mwendo wa gari, au hukaa kando ya lami kupumzika akalala hapo, naye amevaa nguo nyeusi usiku. Na abiria aliyelewa huanguka kutoka juu ya pikipiki hata kama mwendeshaji ni mtu mwenye akili timamu, kwa maana hawezi kujishika.

Kisha kuna moto wa jikoni. Mlevi hukaa karibu na mafiga kuota moto, usingizi ukamshika, akaangukia makaa. Au hukipiga teke chungu cha maji yachemkayo, na mtoto aliye karibu akaungua badala yake. Hapa nawaomba mwangalie: jeraha la ulevi si lazima limpate mnywaji. Mara nyingi humpata mtoto, au mke, au abiria, ambao hawakuonja hata tone.

Kuna na maji. Mto ambao mtu huuvuka kila siku humchukua jioni moja, kwa kuwa jioni ile hakuona ya kuwa umejaa. Kuna na vyombo vya kazi: panga, shoka, msumeno, mashine ya kusaga. Huko pwani wagema hupanda minazi mirefu kila siku kwa ustadi mkubwa. Lakini mgema aonjaye sana alichokigema kabla ya kupanda mnazi mwingine, anaweka maisha yake katika vidole vilivyolegea.

Na huku kwetu mlimani kuna baridi. Wengi husema pombe huleta joto. Sivyo. Pombe huifungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Mtu husikia joto usoni, lakini lile ni joto la ndani likitoka nje. Alalaye nje usiku wa baridi huku amelewa, mwili wake hupoa kuliko wa mtu asiyekunywa, wala hasikii.

4. Jeraha la kichwa: msiseme, “Amelala”

Sehemu hii naomba isomwe mara mbili.

Mtu aliyelewa na mtu aliyeumia ubongo hufanana. Wote wawili husema maneno yasiyoeleweka, hutapika, huyumba na kusinzia. Kwa hiyo pombe hufanya madhara mara mbili: kwanza humwangusha mtu, kisha huificha dalili ya kuumia kwake. Hata daktari hupata taabu kutofautisha. Sembuse sisi barazani.

Tena, mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi yu hatarini zaidi kwa pigo lililo dogo. Ubongo wake hupungua ukubwa, na vile vishipa vidogo vinavyopita kati ya ubongo na fuvu huvutika kama kamba iliyokazwa. Pigo dogo hukata kimoja. Na ini lake likiisha kuharibika, damu yake haigandi upesi. Damu hiyo yaweza kuvuja polepole, kwa saa nyingi, hata kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mtu aweza kuamka, akazungumza, akanywa uji, na baadaye akazimia.

Basi mlevi aliyeanguka na kupigwa kichwa apelekwe hospitali. Msingoje pombe itoke. Na haraka zaidi ikiwa mwaona hata moja katika haya: haamki aitwapo na kutikiswa bega, anatapika tena na tena, mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili, damu au maji yanatoka sikioni au puani, amepatwa na kifafa, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au anakoroma kwa namna ngeni na pumzi yake inakatika. Kule kukoroma tulikokusifu usiku ule hakukuwa usingizi.

Mkingoja gari, msimpe kahawa, wala maziwa, wala maji, maana aweza kupaliwa. Mlazeni kwa ubavu, kichwa na shingo vikiwa katika mstari mmoja na mwili, ili akitapika matapishi yatoke nje yasimzibe pumzi. Msimkunjekunje shingo. Mtu mmoja akae naye asimwache, naye aangalie kifua kama kinapanda na kushuka.

5. Yatupasayo kutenda

Tangu darasa la kipaimara twajua ya kuwa amri ya tano haiwahusu wauaji tu. Yamhusu pia mtu amwonaye jirani yake hatarini, naye akanyamaza. Najua si wote wasomao hapa wameacha pombe, wala sitawadanganya ya kuwa wataiacha kesho kwa sababu ya karatasi hii. Kunywa kidogo ni afadhali kuliko kunywa sana, na kutokunywa kabisa ni salama kupita yote. Lakini hata pale pombe iliyopo njia ya ajali yaweza kufungwa mahali pengi.

Kwanza, mwenye arusi au matanga. Ikiwa pombe itatolewa, chakula kitangulie. Awekwe mtu mmoja au wawili wasiokunywa, kazi yao kuwasindikiza walioelemewa mpaka mlangoni kwao. Si fedheha kumnyima mtu kikombe cha saba. Fedheha ni kumzika.

Pili, funguo. Mwenye pikipiki au gari aliyekunywa asipewe funguo zake hata asubuhi, na asubuhi yenyewe ipimwe kwa hesabu ile tuliyoifanya. Abiria naye akisikia harufu ya pombe kwa mwendeshaji, ashuke. Kutembea kwa miguu saa mbili ni kuzuri kuliko kulala wodini miezi miwili.

Tatu, nyumbani. Pakiwa na mtu aliyelewa, moto wa mafiga uzimwe au ulindwe, taa ya mafuta iwekwe juu, na watoto walale mbali naye. Mtoto mchanga asilazwe kitandani pamoja na mtu aliyelewa, maana aweza kumlalia asijue.

Nne, kazini. Msimamizi asimruhusu mtu aliyekunywa kushika msumeno au mashine kwa kumwonea haya. Haya hiyo hukata vidole.

Tano, hospitalini. Msimfiche daktari ya kuwa mgonjwa amekunywa, wala kiasi anachokunywa kila siku. Dawa ya usingizi ni hatari zaidi kwa mtu aliye na pombe mwilini. Tena, mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akiiacha ghafula kwa sababu amelazwa, siku ya pili au ya tatu aweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo na kushikwa na kifafa. Hilo si pepo wala uchawi. Ni mwili kukosa ulichokizoea, nako kwaweza kuua. Daktari akijua mapema, anayo dawa yake.

Sita, baada ya jeraha. Wataalamu wameona ya kuwa mtu aliyeumia kwa ulevi, akiwa bado kitandani, husikia kuliko siku nyingine zote. Katika mji wa Seattle, Marekani, wagonjwa wa namna hiyo walipewa mazungumzo mafupi ya upole pasipo kukemewa. Habari zilizochapishwa 1999 zaonyesha ya kuwa baadaye walipunguza kunywa kuliko wenzao wasiopewa. Huko KCMC nako mazungumzo ya namna hiyo yametengenezwa kwa Kiswahili, yakaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Wazee wa kanisa, mwendapo kumtazama mgonjwa wa namna hii, msiende na hotuba. Ulizeni: “Ndugu, siku ile ilikuwaje? Wewe mwenyewe waonaje?” Kisha nyamazeni mmsikilize.

Yule mama, mke wa mwashi, bado huja ibadani, hukaa upande wa dirisha, karibu na ukuta aliojenga mumewe. Hajanilaumu hata siku moja. Nilikwenda kwake nikamwambia yote aliyonieleza daktari, na ya kuwa jibu langu la usiku ule lilikuwa jibu baya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba Mchungaji, waambie na wengine.” Basi nimewaambia. Siku moja mtu atakuuliza wewe swali lile aliloniuliza mimi barazani. Mjibu, “Ndiyo, mama, tumpeleke sasa,” kisha uinuke ukatafute gari.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini mtu asiyepepesuka bado aweza kuwa hatarini?
2. Mtu amekunywa chupa 3 za bia kama ile tuliyoihesabu. Ini lake litahitaji saa ngapi?
3. Watafiti wa Moshi walimlinganisha mgonjwa na nani, na kwa sababu gani?
4. Tajeni dalili nne za kuumia kichwa ambazo hazifai kuitwa usingizi.
5. Katika mtaa wenu, ni njia gani, mto gani au mfereji gani watu waliokunywa hupita usiku? Nani atawasindikiza siku ya sherehe ijayo?